Jibu ni Sifahamu

Mama Pina alikuwa na ugomvi na Kifaransa, na hakutaka mtu yeyote aujue ugomvi huo. Watu wa soko la Kibondo walimjua kwa maharage yake na kwa mdomo wake, maana mteja akiyashikashika maharage bila kununua, alitukanwa mpaka vibanda vya jirani vikanyamaza. Walijua anaitwa Immakulata, mjane wa marehemu Tharsisi, na kwamba ni Muha wa Kasulu kama mumewe. Hiyo ya kuwa Muha aliieneza mwenyewe. Muha alikuwa marehemu peke yake. Yeye alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, akasoma kambini, akawa mwalimu wa Kifaransa katika kambi ya Mtabila, kule karibu na Kasulu, na jina alilopewa na baba yake ni Harerimana. Uraia alishaupata kupitia ndoa na karatasi zake zote zilikuwa sawa. Lakini hebu iambie hofu kwamba karatasi ziko sawa, uone kama itakusikiliza.

Kambi ilipofungwa na malori yakaanza kupakia watu kuwarudisha kwao, alimshika mwanawe mkono akahamia Kibondo, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwita mwalimu. Huko alilizika jina lake na Kifaransa chake pamoja. Kilichomshinda kuzika ni mdomo wa mtoto. Pina alikuwa na miaka minane na alikuwa akikimwaga Kifaransa bila kujikwaa, kwa sababu mama yake ndiye aliyemlisha lugha hiyo tangu alipoanza kutembea. Mtoto kama huyo atakufichua mbele ya watu huku anacheka. Ndipo mama alipoanzisha somo la mwisho. Asubuhi, mtoto akiwa bado na usingizi machoni, alimwinamia na kumuuliza kwa Kifaransa, kwa sauti tamu ya mgeni mwema, "Jina lako nani?" Pina akijibu kwa Kifaransa, kofi. Akijibu kwa Kirundi, kofi. Jibu lililotakiwa lilikuwa moja tu, la Kiswahili: "Sifahamu." Shavu la kushoto lilivimba mara kadhaa kabla somo halijaeleweka, na baada ya hapo Pina hakukosea tena.

Sasa fikiria jinsi damu ilivyomchemka mama huyu siku Pina, matokeo ya kidato cha sita yakiwa yameshatoka, alipokaa mbele ya ugali wa muhogo na kuueleza mpango wake.

"Nataka shahada ya masomo ya kimataifa," alisema. "Inakwenda pamoja na lugha moja ya kigeni, na lugha hiyo uwe unaijua kabla hujaingia. Wanakufanyia usaili wa mdomo. Miaka miwili ya mwanzo unasoma mikataba, mipaka, mambo ya wakimbizi. Mwaka wa tatu wanakupeleka nchi inayotumia hiyo lugha."

"Wapi?"

"Wa Kifaransa wanapelekwa Bujumbura."

Mama Pina alilirudisha tonge sahanini. "Rudia."

"Bujumbura, mama."

"Ualimu upo, uuguzi upo, kilimo kipo, wewe umeona mataifa! Hayo mataifa yamekufanyia nini mpaka uyasomee?"

"Mimi ni Mtanzania. Nitakwenda na pasipoti, nitarudi na pasipoti."

"Babu yako naye alikuwa na kitambulisho mfukoni. Walimkuta nacho." Sauti ya mama ilikuwa imepanda. "Na hicho Kifaransa umekitoa wapi?"

"Kwako. Kingine nimejaziliza kwenye simu."

Mama akanyoosha mkono, akaichukua ile simu, akaisukuma ndani ya gunia la maharage hadi kiwiko chake kikapotea, kisha akalifunga gunia kwa kamba. Pina alimtazama tu. Alikuwa na macho ya baba yake, yale ambayo yakikukasirikia hayapepesi.

"Unaniogopea mimi, mama, au unajiogopea mwenyewe?"

"Toka mbele yangu."

Tangu hapo nyumba ikawa ya watu wawili wasiosemezana. Shikamoo ilitolewa kwa sababu haikwepeki, marahaba ikarudishwa kwa pembe ya mdomo, basi. Pina aliipata simu yake gunia lile lilipouzwa, na mama akajifanya hakuona. Alidhani amani imerudi, kumbe mwenzake alikuwa akijiandaa.

Aliyemfungua macho alikuwa Swaumu. Huyu Swaumu aliuza vitenge kibanda cha pili, na mwanawe Saady alimaliza shule pamoja na Pina. Wanawake hawa wawili waliazimana kila kitu, kuanzia chumvi hadi mwavuli. Waliteta pamoja vilevile. Bei ya mafuta ikipanda, Swaumu alisema ni Warundi wa kambini. Mbuzi akipotea, ni Warundi wa kambini. Mama Pina aliitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko ya mwenzake, halafu akirudi nyumbani anashindwa kula na kujichukia mpaka asubuhi.

"Mama Pina, mbona umekaa?" Swaumu alimwambia asubuhi hiyo, akijifunga mtandio. "Si leo watoto wana usaili Kasulu? Saady wangu ametangulia na Pina kwa gari la kwanza. Saady anafanya kwa Kiarabu, cha madrasa na cha mjomba wake wa pwani. Ila nimeshangaa, shoga. Pina wako kaandikwa Kifaransa. Kakitoa wapi, na shuleni kwao hakifundishwi?"

"Kwenye simu," alisema Mama Pina.

Alifunika magunia, akapanda basi moja na Swaumu. Njia nzima Swaumu alisifia Kiarabu cha mwanawe, na njia nzima Mama Pina alikuwa akipanga atakavyomkamata Pina sikio na kumtoa nje kabla hajafungua kinywa. Alikuwa na hasira ya kutosha kuwatoa nje watoto kumi. Chini ya hasira hiyo kulikuwa na woga, maana Kasulu alikuwa hajaikanyaga tangu kambi ifungwe, na Kasulu kulikuwa na watu waliopita darasani kwake. Waliposhuka stendi, aliushusha mtandio hadi kwenye nyusi.

Chuo kilikuwa kimekodi ukumbi karibu na soko. Wazazi waliruhusiwa kukaa mabenchi ya nyuma, na walikuwa wengi, na wale wasio na mtoto pale waliingia vilevile kuona mambo. Meza ya wasaili ilikuwa mbele. Mama Pina alimwona mwanawe mstari wa kwanza, amevaa sketi ya shule iliyonyooshwa vizuri, lakini kati yao kulikuwa na magoti ya watu na mlangoni alisimama mlinzi mwenye sare. Sare ile ilimkalisha chini. Akakaa karibu na Swaumu na kuuma meno.

Saady aliitwa kwanza. Kiarabu kilimtoka kwa mapana na marefu, na Swaumu ilibidi auzibe mdomo kwa mkono asije akapiga kigelegele.

"Agripina Tharsisi."

Pina akasimama mbele ya meza. Msaili wa Kifaransa alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, na kosa lake pekee siku hiyo lilikuwa upole. Hakutaka kumtisha msichana. Aliinama kidogo mbele, akatabasamu, na kwa sauti tamu ya mgeni mwema akamuuliza kwa Kifaransa, "Jina lako nani?"

"Sifahamu," alisema Pina.

Lilimtoka kabla hajafikiri. Mama Pina aliona mabega ya mwanawe yakishtuka kwa kujisikia mwenyewe. Msaili akadhani hakusikika. Akarudia, polepole zaidi, kwa utamu zaidi.

"Sifahamu."

Watu wakaanza kuchekacheka. "Hawa watoto wanajaza tu," mtu mmoja alisema. Msaili akavua miwani, akahamia Kiswahili. "Binti, umejiandika kwamba unakijua Kifaransa. Nimekuuliza jina tu. Au tumwite mwingine?"

Pina akamkodolea macho.

Niseme wazi: Mama Pina alifurahi. Hili ndilo alilolifuata Kasulu, na limejitimiza bila yeye kuinua hata kidole. Bujumbura imekufa. Shahada imekufa. Mtoto atarudi Kibondo na siri itarudi naye. Alifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja, halafu akauona mkono wa Pina ukipanda. Ulipanda polepole ukalifunika shavu la kushoto, na ukabaki hapo, ukilikinga.

Binti mzima wa miaka ishirini, mbele ya watu, anakinga kofi la mama yake.

Mama Pina alijikuta amesimama. "Mjibu mtu!" alipaza sauti. "Anakuuliza vizuri, unamkodolea macho! Umelelewa wapi wewe?"

Alisema hayo yote kwa Kifaransa, kile cha darasani, cha kufikia mtoto wa dawati la mwisho.

Pina aligeuka. "Nimelelewa kwako!" alimrushia, na Kifaransa chake kilitoka kikiwa cha moto. "Kwako, kwa makofi! Sasa ndiyo unataka nijibu? Mbele ya watu? Leo hupigi?"

"Nilikupiga ubaki hai!"

"Hai gani hiyo? Naogopa kuulizwa jina langu, mama! Mtu akinisalimia kwa upole natafuta mlango!"

"Bora uogope. Walioacha kuogopa niliwaacha kule, hawana hata kaburi. Na Bujumbura huendi!"

"Nitakwenda! Nitakwenda niulize nyumba ya babu ilikuwa wapi, kwa sababu wewe hutaki kuniambia!"

"Ilichomwa! Ilichomwa na yeye akiwa ndani, utauliza nini hapo?"

"Nitauliza walioichoma wanaitwa nani! Ndiyo maana nasomea hayo mataifa unayoyacheka. Ulifikiri nataka kwenda kupiga picha?"

Mama alifungua kinywa kujibu. Ndipo aliposikia jinsi ukumbi ulivyonyamaza. Wengi hawakuelewa hata neno moja, lakini kila mtu alikuwa ameelewa ni lugha gani, na muuza maharage wa Kibondo haipati lugha hiyo kwenye simu. Mtandio ulikuwa umemdondoka mabegani. Bibi mmoja wa benchi la mbele alikuwa amegeuka mzima mzima kumtazama, na Mama Pina aliujua uso huo, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha mtoto wa bibi huyo kusoma.

Msaili aliiweka kalamu mezani. "Kwa binti sina swali jingine," alisema kwa Kiswahili. "Kifaransa anacho." Halafu, kwa heshima zote, akamgeukia mama na kumuuliza kwa Kifaransa, kwa ile ile sauti yake tamu, "Na wewe, mama, jina lako nani?"

"Sifahamu," alisema Mama Pina.

Ukumbi ukaangua kicheko. Walicheka mpaka mlinzi akacheka. Ni Swaumu peke yake ambaye hakucheka. Aliunyanyua mkoba wake uliokuwa kati yao kwenye benchi, akaupakata.

"Kumbe," alisema. "Miaka yote nasema maneno yale, na wewe unaitikia. Ulikuwa unaniitikia nini, Immakulata?" Akahamia benchi jingine bila kungoja jibu.

Mbele, Pina alikuwa bado amesimama kwenye meza. Angeweza kukaa. Alichokuwa anakitaka alishakipata, na mama yake alimwomba kwa macho, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, kwamba akae na anyamaze. Pina alimtazama kwa yale macho ya baba yake. Kisha akamjibu msaili, kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili ili mabenchi ya nyuma nayo yasikie.

"Mama yangu anaitwa Harerimana. Alikuwa mwalimu Mtabila. Kifaransa changu chote ni chake."

Alipomaliza akaja moja kwa moja nyuma, magoti ya watu yakimpisha, mpaka akasimama mbele ya mama yake. Mama Pina hakujua kama ameheshimiwa au amelipizwa kisasi. Uso wa mtoto haukuonyesha. Mkono wa kulia wa mama ukainuka wenyewe, kama ulivyozoea asubuhi zile.

Pina aliuona ukija, na safari hii hakukinga shavu. Mkono ukaishia hewani, na Harerimana, mbele ya watu wote wa Kasulu, hakujua auteremshie wapi.