Waombe Watume Tena

Karatasi ilitoka kwenye printa ikiwa ya moto, na Bibi Muhuri akaishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya aliyekufa nyuma ya kabati. Hakutaka kuisoma. Lakini barua haisajiliwi bila kusomwa, kwa hiyo aliisoma, midomo ameibana.

"Mpenzi, picha ulizoniomba zimo humu ndani. Zifungue ukiwa peke yako."

Akagonga muhuri: IMEPOKELEWA. Akaandika tarehe, akaipa namba, akaiweka kwenye trei ya Meneja juu ya malalamiko ya mtaa uliokaa siku tisa bila tone la maji. Kisha akaenda kwenye sinki la ukumbini, akanawa mikono kwa sabuni, mara mbili.

Ndivyo ofisi ile ya maji ilivyofanya kazi. Meneja hakusoma kitu kwenye kioo cha kompyuta. Alisema kinamuumiza macho. Kila barua pepe ilichapwa, ikagongwa muhuri, ikapelekwa kwake, naye akaandika pembeni kwa wino wa kijani la kufanywa. Zamani karani mmoja alificha barua ya malalamiko, na tangu hapo amri ikawa moja: masjala haichagui barua. Bibi Muhuri, aliyekikalia kiti kile miaka ishirini na sita, aliishika amri hiyo kama anavyoshika saa za sala.

Tabu ni kwamba amri iliwekwa enzi za bahasha. Bahasha ina stempu, na hakuna anayenunua stempu ili atume kinyesi. Hizi za siku hizi zilikuja bure, zikaingia kama nzi mlangoni pa bucha. Umeshinda gari, fungua. Mzigo wako umekwama, fungua. Mimi ni binti yatima, fungua. Na katikati yao zile za utupu, zenye maneno ambayo yeye hakuwahi kuyatamka hata akiwa na uchungu wa kuzaa. Zote alizisajili. Jalada lake lilinenepa kama kupe.

Mara moja alijaribu. "Bwana Meneja, hizi nyingine si barua. Niruhusu nizitupe."

"Mama, nani amekupa ungo wa kunichekechea barua zangu?" Meneja alicheka. "Wewe leta tu. Mimi si mtoto."

Malalamiko ya maji hukaa kwenye trei wiki nzima. Ile ya picha ilirudi baada ya robo saa. Pembeni, kwa kijani, mwandiko wa Meneja ulikuwa umetulia kama siku zote: "Kiambatisho hakionekani. Waombe watume tena."

Bibi Muhuri aliigeuza karatasi, nyuma palikuwa peupe. Ni kweli hakikuonekana. Kiambatisho kilibaki ndani ya kompyuta, karatasi haina mlango wa kukipitisha. Agizo ni agizo. Akaketi, akaandika kama alivyofundishwa: "Ndugu, Yah: Picha. Barua yako imepokelewa, ila kiambatisho hakikuonekana. Unaombwa kutuma tena. Ahsante."

Walituma. Kesho yake, kabla ya saa sita, walikuwa wametuma mara mia mbili na kumi na mbili. Printa ilizitapika mpaka wino ukaisha.

Saa saba Meneja alitoka ofisini kwake. "Mama, nenda kale. Nipishe hapo kidogo, kuna kitu nataka kukiona."

Alikwenda kula stoo, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Aliporudi, kiti chake kilikuwa bado kina joto la mtu. Kioo kilikuwa cheusi, na herufi nyekundu zikisema kila kilichomo kimefungwa, anayetaka kifunguliwe alipe. Kwenye kioo hicho ndiko ilikokuwa orodha ya kaya zinazosubiri kuunganishiwa maji, kila moja na zamu yake. Daftari la zamani lililiwa na mchwa, na Meneja ndiye aliyesema kompyuta hailiwi na mchwa. Sasa mlango wake, ambao huwa wazi mwaka mzima, ulikuwa umefungwa.

Bibi Muhuri alileta kitambaa na dawa ya kusafishia vyoo. Alikifuta kiti, egemeo lake na sehemu za kuwekea mikono, ndipo akakaa.

Fundi wa kompyuta, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, alikuja asubuhi ya pili. Alifanya kazi kimya, kisha akauliza, "Shangazi, hivi hawa watu mliwajibu?"

"Niliwajibu mimi."

"Uliwaambiaje?"

Bibi Muhuri akamwambia neno kwa neno, pamoja na ile ahsante. Fundi alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaona anacheka peke yake.

"Nisamehe, shangazi. Hawa ni kama mbwa koko. Ukimrushia mfupa, kesho anakuletea ukoo mzima. Lakini kujibu peke yake hakukuua mashine. Kuna mtu alifungua kiambatisho kimoja. Jumatano, saa saba na dakika kumi na mbili."

"Na orodha?"

"Imekwenda. Siwezi kukudanganya."

Mchana Meneja akamwita. Alikuwa anakula chungwa. Alilamba kidole, akaigeuza karatasi iliyokuwa tayari imechapwa, akamsukumia Bibi Muhuri. Kidole kiliacha alama yenye maji.

"Mimi, karani wa masjala, nakiri kwamba nilifungua picha za utupu kwa udadisi wangu mwenyewe."

"Tia saini hapo chini. Ni onyo tu, mama. Umebakiza miezi saba ustaafu. Nani atakumbuka?"

"Na nisipotia?"

"Makao makuu watachunguza. Na unajua wakichunguza, huanza kukata kutoka chini." Alitema kokwa kiganjani. "Nakupa mpaka kesho asubuhi."

Usiku ule binti yake, aliyekuwa anapasi sare za watoto wake, hakutaka hata kubishana. "Saini, mama. Maneno hayachubui ngozi. Karatasi lenyewe litaozea kabatini, nani atalisoma?"

"Mimi nimeshalisoma."

"Sasa ukifukuzwa?"

Bibi Muhuri alikunja shati moja dogo, akalinyoosha kola kwa kiganja. "Mwanangu, nimekula uchafu wa watu wale miezi minane, nikaugonga muhuri. Niliambiwa ni kazi, nikakubali. Lakini huu wanataka niseme nimeupika mimi."

Binti alikiacha chuma cha pasi kisimame. "Na una ushahidi gani? Neno lako na neno lake?"

Hapo ndipo mama yake alipoacha kukunja. Masjala haitupi kitu.

Asubuhi alifika kabla ya wengine, akalitoa lile jalada nene. Alilipekua kwa kalamu, si kwa mkono, mpaka akaifikia ile barua ya picha. Maneno ya kijani yalikuwa pale pale. Alitoa nakala mbili. Kisha akaandika, kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari:

"Sikufungua. Jumatano saa saba kiti changu alikikalia Meneja. Naambatanisha agizo lake."

Akagonga muhuri, akatia namba, akaitolea nakala. Nakala hiyo, pamoja na moja ya agizo, akazitia kwenye bahasha ya makao makuu, akaiacha wazi juu ya meza yake. Tarishi huja saa nne. Barua yenyewe na nakala ya pili ya agizo akaziweka kwenye trei ya Meneja, bila kingine chochote.

Barua ilikaa ofisini kwa Meneja saa nzima. Hakusikia kiti kikisogea wala simu. Mlango ulipofunguliwa, Meneja mwenyewe ndiye aliyeileta, yeye ambaye hubonyeza kengele hata kwa glasi ya maji. Pembeni mwa barua hapakuwa na neno. Palikuwa na nukta moja ya kijani, pana, mahali kalamu ilipotua ikashindwa kwenda.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "tuzungumze."

"Nimeshaandika, Bwana Meneja."

"Mke wangu ana shoga zake kule makao makuu. Watamwambia."

"Najua. Nasali naye."

Bibi Muhuri alilowesha kidole kwenye sifongo, akaifunga bahasha. Saa nne tarishi akaichukua pamoja na nyingine, akaondoka anapiga mluzi.

Dirishani alisimama mwanamume mwenye debe tupu. "Mama, nimesikia majina yamepotea."

"Yamepotea. Tunaandika upya." Alifungua daftari jipya, akapiga mstari kwa rula.

"Mimi nilikuwa wa mia tatu na nane."

"Leo uko wa kwanza."

Mwanamume alicheka kidogo, halafu kicheko kikamwishia. Akalihamishia debe mkono wa pili. "Na wale walionitangulia?"

"Hilo nakuuliza wewe. Wakija, niwaandike wapi, juu yako au chini yako?"

Mwanamume aligeuka akalitazama benchi nyuma yake, lilikuwa tupu, na barabara, nayo haikuwa na mtu wa kumwona. Bibi Muhuri alisubiri, kalamu ikiwa juu ya mstari wa kwanza, haijagusa.