Mikono ya Delia

Jumapili baada ya misa, Nuala Marrinan alikuwa akipaka siagi mkate wa magadi katika baa ya Hehir, Colm Talty alipopanda jukwaani kuzindua santuri yake mpya. Colm alikuwa fahari ya kijiji cha Kilcorran. Alipiga fidla, filimbi, kodiani na zumari la mfuko, na watu walikuwa wamemshangilia toka Galway hadi Boston. Vyote hivyo alifundishwa akiwa mvulana, jikoni kwa Delia, mama yake Nuala, aliyezikwa majira ya baridi yaliyopita.

Kilcorran mtu hapigi wimbo kabla ya kumtaja aliyempa. Hata mlevi huanza hivyo: huu nilipewa na fulani, naye alipewa na fulani. Kwa hiyo Colm alipoinua fidla, Nuala aliweka kisu chini ili alisikie vizuri jina la mama yake.

"Huu ulinijia kwenye treni nikitoka Dublin," Colm alisema. "Ni wangu mwenyewe."

Akaanza kupiga. Nuala aliutambua kabla uta wa fidla haujarudi. Delia aliutunga kwa ajili ya mwanawe wa kwanza, aliyefariki kabla ya kubatizwa, padri akaamuru azikwe nje ya ukuta wa makaburi. Aliupiga jikoni kwake tu, kamwe si mbele ya watu.

Katikati ya wimbo, mikono ya Colm ilibadilika. Iliyotokeza sasa kwenye shati lake ilikuwa myembamba, yenye madoadoa, na kovu la tanuri kwenye kidole gumba. Pete aliyozikwa nayo Delia ilikuwa mahali pake.

"Si mikono ya Delia hiyo?" mzee Hehir aliuliza, akijaza bilauri.

"Ndiyo yenyewe," mkewe Assumpta alijibu. "Na viungo vya vidole havina uvimbe tena. Huko aliko wanamtunza."

"Afadhali. Ile ya Colm ilikuwa kama masepetu."

Watu walicheka. Colm aliitazama mikono, akaisogeza pete kidogo isimsumbue, akaendelea. Hakuwahi kupiga vizuri namna ile. Wanaume walitoa leso.

Makofi yalipokwisha, Nuala alimfuata penye ngazi ya jukwaa.

"Mtaje, Colm."

"Nimtaje nani?"

"Usinifanye mjinga. Huo wimbo ni wa kaka yangu."

"Nuala, mama yako alinipa mengi, Mungu amrehemu. Lakini santuri zimeshatoka. Unataka nifanyeje?"

"Sema tu, nilipewa na Delia. Umevaa mikono yake, we mwanamume!"

"Basi si kila mtu anaiona? Ya nini tena kutaja?"

Nuala aligeuka kuwatazama majirani. Wengi wao walimbeba Delia mabegani siku ya maziko. Wengine walikuwepo wakati ule padri alipomkataa mtoto, na walijua alilazwa chini ya mti gani. Mzee Hehir alipangusa kaunta iliyokuwa kavu.

"Usituharibie Jumapili, mwanangu," alisema taratibu. "Kijiji chetu kimepata jina."

"Jina la nani, mzee Hehir?"

"Kaa unywe chai, binti," Assumpta alisema. "Mama yako mwenyewe hajalalamika. Si umemwona alivyopiga!"

Nuala alichukua koti lake. Mlangoni alikuwa ameshafika Colm pamoja na mtangazaji wa redio aliyekuja kwa uzinduzi, kipaza sauti katikati yao, na ilimbidi apenye ubavuni kwao. Hapo mikono ilimshika. Ilifunga vifungo vya koti lake kuanzia chini kwenda juu, bila haraka, ikamtengenezea kola, ikarudisha nywele nyuma ya sikio lake. Ilikuwa na joto na ilinukia unga. Kidole gumba kilimfuta shavu.

"Kwenye treni, ndiyo," Colm alikuwa akisema juu ya kichwa chake, kwa sauti yake nzuri. "Ulinijia mzima mzima. Hata mimi nilishangaa."