Shingo ya Kinyozi

Kinyozi alikuwa na miaka miwili hajageuza shingo. Moto wa jikoni ulimchoma kuanzia chini ya sikio la kushoto hadi begani, na ngozi ilipopona ilipona vibaya: ikajikunja, ikakaza, ikavuta kichwa upande. Mtu akimwita, aligeuka mzima mzima kama kabati linalohamishwa. Kazi hakuacha. Badala ya kumzunguka mteja, alimzungusha mteja na kiti chake, na wateja wakazoea.

Moto huohuo ulimchukua mkewe. Hilo halikuzungumzwa, si kazini wala nyumbani, ambako alibaki yeye na binti yake wa pekee, mwalimu wa chekechea. Watu walimsifu kwamba amejikaza kisabuni. Yeye hakuona kama anajikaza. Aliamka, akanoa, akanyoa, akala, akalala.

Binti ndiye aliyeleta habari za leza. Alikuwa ameongea na daktari wa ngozi, akaambiwa mwanga wake hutoboa vitundu vidogo sana kwenye kovu, na ngozi ikijiponya upya hulegea. Kovu halifutiki, lakini shingo huweza kugeuka.

"Baba, twende tu tukasikilize," alisema.

"Twende."

Binti alibaki mdomo wazi. Alikuwa amejiandaa kubishana kutwa nzima.

Siku ya kwanza, muuguzi alimpaka dawa ya ganzi shingoni, akaifunika kwa nailoni, wakasubiri karibu saa nzima. Kisha daktari, mwanamke mfupi wa sauti ya chini, alimlaza ubavu, akamziba macho kwa miwani mizito.

"Ukiumia sema, tutasimama."

Mashine ikaanza kulia taratibu, tap, tap, tap. Haikupita dakika, harufu ikapanda. Daktari akasita.

"Ni ngozi inaungua kidogo, ni kawaida," alisema. "Nisamehe mzee wangu, nilipaswa kukuonya mapema."

"Endelea tu, daktari."

Alisubiri moyo umwende mbio. Haukwenda. Aliijua harufu ile kama anavyoijua sabuni ya kunyolea, na bado hakuna kilichotikisika ndani yake. Hilo lilimshangaza kidogo, halafu mshangao nao ukapita.

Alipotoka, binti alisimama kumpokea, akavuta pumzi, akaipata harufu kwenye kola ya shati. Alienda nje. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Tuwahi basi," kinyozi alimwambia.

Walirudi mara nne zaidi, kila baada ya miezi miwili. Baada ya mara ya tatu shingo ilianza kutii. Siku moja mlango wa kibanda cha kinyozi ulifunguliwa, naye akageuza kichwa peke yake kuangalia ni nani. Fundi viatu wa jirani, aliyekuwa kitini na povu kidevuni, aliona.

"Sasa tutakoma," alisema. "Mzee keshakuwa shingo feni, hapiti mwanamke."

Wateja wote wakaangua kicheko. Kinyozi naye alitabasamu, kwa kuwa hapo palikuwa pa kutabasamu.

Kovu lilitakiwa kukandwa kwa mafuta mara tatu kwa siku, na nyuma ya sikio hakupaona. Kazi hiyo ikawa ya binti. Jumapili moja mchana walikaa barazani, baba kwenye kigoda, binti nyuma yake.

"Unajisikia nafuu?"

"Najisikia."

"Baba, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Kinyozi akafikiri. "Shingo inageuka. Mengine sijui."

Binti aliendelea kukanda, kisha akasema, "Ile siku, walisema ulifika umechelewa. Kwamba ulikuta kumeshakwisha, ukaungua bure."

"Nani alisema?"

"Watu. Msibani. Nami sikukuuliza."

"Nilikuwepo," alisema kinyozi. Sauti yake ilikuwa ileile ya kumuuliza mteja kama ndevu zibaki au ziondoke. "Mlango wa jikoni ulibana. Mama yako alikuwa ndani, mimi uani, nasukuma. Akaniambia niondoke. Akaniambia tena. Mara ya tatu hakusema."

"Na wewe?"

"Nikaendelea kusukuma. Mbao zilikuwa zimeshashika moto."

"Kwa bega hili?"

"Hilo hilo."

Mkono wa binti ulisimama juu ya kovu. Zaidi ya miaka miwili alikuwa amempikia, amemfulia, amemsindikiza hospitali, na muda wote huo alikuwa na neno moja moyoni dhidi yake: kwamba alichelewa. Kinyozi hakulijua, lakini alisikia pumzi za mwanawe zikikatika. Akageuza shingo, bila bega, hadi akamwona. Macho yalikuwa mekundu.

"Nisamehe, Baba."

"Hujanikosea, mwanangu."

Alitaka kuongeza kitu. Alitafuta ndani, hakukuta kitu. Basi akauliza alichokiweza: "Umekula?"

"Bado."

Binti akafunika chupa ya mafuta, akaenda kupakua. Walikula pamoja, binti akijifuta macho kwa kiganja, naye akimsogezea bakuli la mchuzi kila lilipokuwa mbali na mkono wake. Kinyozi alimaliza sahani yote. Alipoulizwa kama chumvi imetosha, ilibidi afikirie kwanza.