Jina la Milcah kwenye Grupu ya Maombi

Kosa lilikuwa langu, na ninalisema mapema kabla hujaanza kumtafuta mchawi. Mimi Wamuyu, karani mkuu wa ofisi ya mawakili hapa Nakuru kwa miaka kumi na tisa, ndiye niliyelipeleka jina la Milcah mahali ambapo halikupaswa kufika.

Tovuti yetu ina fomu. Mtu anaandika jina lake, namba ya simu na shida yake, na chini kabisa kuna maneno niliyoyachapa kwa vidole vyangu mwenyewe: habari zako zitasomwa na wakili pekee. Maneno matamu sana. Ila kila asubuhi ofisi yetu huanza na maombi, na bosi wetu, Wakili Kiarie, anataka wenye shida waombewe kwa majina. Haamini kwamba Mungu ana muda na maombi ya jumla. Walioko kortini asubuhi hufuata kwenye grupu ya WhatsApp. Basi Jumatatu saa mbili kasorobo nilifungua fomu zilizoingia wikendi, nikasoma moja, moyo ukaniuma, nikaandika kwenye grupu: "Tumkumbuke Milcah wa Karagita, anafanya kazi shamba la maua. Supavaiza wake anamtaka kimapenzi ndiyo ampe zamu nzuri. Anataka kushtaki."

Watu kumi na mmoja walijibu amina. Nikaona nimefanya jambo la maana, nikaenda kuchemsha chai.

Jumanne asubuhi mwanamke mfupi wa miaka thelathini hivi alisimama mbele ya meza yangu, mikono imejaa mikwaruzo ya miiba ya waridi.

"Madam, ni nani hapa husoma zile fomu za website?"

"Ni mimi."

"Basi ni wewe." Hakupaza sauti. "Naitwa Milcah. Jana saa sita supavaiza aliniita, akanionyesha simu yake. Nikaona jina langu, na chini amina zimejaa. Akaniambia nimefutwa kazi. Kwa barua wameandika eti mimi huchelewa kazini. Sijawahi kuchelewa hata siku moja."

Nilijua hapo hapo ni Zeddy aliyempelekea. Alikuwa karani wetu, mwaka jana akaacha kazi akaenda kuandikwa katika ofisi ya shamba hilo hilo, na hakuna aliyekumbuka kumtoa kwenye grupu. Aliyetakiwa kumtoa ni mimi. Nilimwomba Milcah msamaha, na niliona haya kiasi cha kushindwa kumtazama usoni.

"Mimi sikutafuta maombi," akasema. "Maombi niko nayo kanisani kwetu. Nilitafuta wakili."

Nilimwacha kwenye kiti nikaingia kwa Kiarie, nikamweleza kila kitu. Si mtu mbaya. Alivua miwani, akasema, "Futa hiyo message. Bado inaweza kufutika kwa kila mtu. Huyo mama tumwambie pole, kuna mkulima wa viazi namjua huko Molo, atampatia kazi."

"Na ripoti, Wakili? Sheria inatupa saa sabini na mbili tumjulishe kamishna wa data kwamba habari za mtu zimevuja."

"Ukiandika ripoti, jina la kwanza hapo ni lako. La pili ni langu. Nusu ya wateja wetu ni majirani zangu Milimani. Unafikiri nani ataniambia siri yake tena? Futa, halafu tuombe."

Nilitoa simu. Kidole kilikuwa juu ya ujumbe ule nilipoona saa yake: Jumatatu, saa mbili kasorobo. Barua ilisema uchelewaji, lakini Milcah alifutwa kazi saa sita siku hiyo hiyo. Nikiufuta ujumbe, atabaki mfanyakazi mvivu aliyefukuzwa kwa haki. Nikiuacha, kila mtu ataona kwamba shtaka lilimfikia supavaiza asubuhi na mwenye kushtaki akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

"Sifuti," nikasema.

"Wamuyu."

"Nimekuheshimu miaka kumi na tisa, Wakili, na leo bado nakuheshimu. Lakini sifuti."

"Basi kusanya vitu vyako."

Nilikasirika, sitaficha. Hata hivyo niliketi kwanza nikaandika ripoti ya kamishna, nikaweka jina langu mahali pa mkosaji, nikaituma. Ndipo nikachukua sweta na kikombe changu, nikamwambia Milcah twende.

Tulitembea mpaka kwa wakili mwingine, Chelimo, mwanamke asiye na maneno mengi. Aliusoma ujumbe mara mbili, akaisoma barua ya shamba.

"Hii inatosha kuanza," akasema. "Lakini nahitaji mtu aape kwamba ni yeye aliandika. Na akiapa, mawakili wa shamba watamchana kortini mpaka ajute."

"Niandikie hicho kiapo," nikasema.

Alishika kalamu, akangoja. Nilimgeukia Milcah, jambo nililopaswa kulifanya Jumatatu.

"Naomba ruhusa nitaje jina lako."

Hakuwa amenisamehe, na sikutarajia.

"Taja," akasema. "Lakini kwa ile grupu ulitaja langu peke yake. La supavaiza hukutaja. Anaitwa Jamleck. Anza na huyo."