Mipigo Minne ya Kimya

Kikundi chetu cha muziki hapa kijijini Karuba hakijui kutunga wimbo kwa kalamu. Tunatunga kwa maketi, yaani ile rekodi ya majaribio: simu inawekwa juu ya gunia la maharagwe, magitaa yanaanza, na mwimbaji anaimba chochote kinachomjia, maana maneno bado hayajapatikana. Kisha mimi napeleka simu nyumbani, nasikiliza mpaka mke wangu ananifukuza sebuleni. Kilichotokea vizuri kwenye maketi ndicho kinachokuwa wimbo. Hata kosa, likiwa zuri, linabaki. Sheria hiyo niliiweka mimi, Evode, na nilijivuna nayo kama mtu aliyevumbua chumvi.

Kwa mwimbaji asiyejua aimbe nini nilikuwa na dawa: ataje majina ya watu wa nyumbani kwake. Majina yanateleza kuliko la-la-la. Honoré, mpiga ngoma wetu, aliwahi kutaja ng'ombe wake wote akamsahau mkewe. Tulimcheka mwezi mzima.

Mwezi wa sita tulianza wimbo wa shukrani kwa ajili ya jubilei ya parokia. Mwenye sauti kwetu ni Mukandori, mama mmoja anayetengeneza jibini. Alisimama mbele ya simu, mikono ameificha ndani ya kitenge.

"Papa Evode, maneno iko wapi?"

"Bado, Mama Cyusa. Ita watoto yako."

Akaimba. Ubeti wa kwanza, Cyusa. Wa pili, Uwamwezi. Wa tatu akafungua kinywa, akanyamaza. Gitaa langu likaenda peke yake mipigo minne, ndipo akaingia tena, sauti ya chini kabisa, bila jina lolote.

Nilijua. Nisijitie hamnazo hapa. Mtoto wake wa tatu alikuwa Ngabo, aliyekufa kwa malaria miaka miwili iliyopita, kwenye pikipiki, kabla hawajafika hospitali ya Kirotshe. Na baba yake wa ubatizo nilikuwa mimi. Nilimshika kichwa wakati padri anammwagia maji. Baada ya mazishi sikukanyaga tena kwao, kwa kukosa la kumwambia mama yake. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka miwili, na mazoezini nilimsemesha mambo ya wimbo tu.

Nyumbani nikaisikiliza maketi. Mara ya kwanza niliizima katikati. Mara ya tatu nilikuwa nahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Mara ya kumi nikajiambia, hapa ndipo wimbo ulipo. Nikaandika maneno yangu ya mvua na mavuno na amani, nikayapanga yote yaelekee pale kwenye kimya. Kusema kweli nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Wenzangu nao wakakipenda kile kimya. Honoré akajifunza kuinua vijiti vyake na kungoja. Mukandori alisikiliza huku anatazama chini, kisha akauliza kama ni lazima anyamaze pale. Nikamjibu kwamba njo vile maketi inasema, ndivyo hivyo. Utafikiri maketi ilishuka kutoka mbinguni, wala si mimi niliyebonyeza simu.

Tulirekodi karibu na ziwa, kwenye chumba kimoja chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani. Fundi aliitwa Déo, kijana mpole. Mara ya kwanza Mukandori alinyamaza kwa muda mfupi mno, nikamrudisha. Mara ya pili akakawia. Mara ya tatu na ya nne sijui hata nilikataa nini. Mara ya tano kimya kilikuwa sawa, ila alirudi na sauti kubwa.

"Ingia chini, sawa ku maketi," nikamwambia. "Sawa muntu mwenye anaumia."

Nilimwambia aimbe kama mtu anayeumia, kwa kinywa changu hiki.

Mara ya sita tulipofika pale, hakunyamaza. Aliimba: Ngabo. Aliliimba jina zima, kwa sauti iliyonyooka, macho kwenye mikrofoni.

Déo akavua vile vya masikioni. "Hiyo jina iko mu maneno?"

Kikundi kizima kikanigeukia. Hakuna asiyejua jina lile ni la nani. Honoré alikuwa amelaza vijiti juu ya mapaja. Ningeweza kusema ndiyo, liko, liache. Wimbo usingekufa. Lakini niliwaza kile kimya changu, na watu wa jubilei watakavyoshangaa.

"Hapana," nikasema. "Ni kosa. Turudilie."

Akarudia. Akanyamaza mipigo minne kamili, akaingia chini. Déo akasema imetoka safi.

Jubilei ikapita, radio ikaucheza wimbo, na sifa zikanifuata mpaka sokoni. Watu waliniuliza nilikiwazaje kile kimya. Nikawa najibu kwamba ni kazi ya kusikiliza. Siku moja mwalimu Nzabandora alinishika mkono kwa heshima, mkono wangu ukaona aibu kabla yangu mimi. Nikaenda kwa Mukandori siku hiyohiyo, mchana, kwa miguu. Njiani nilipanga maneno yangu: nilijua unamunyamazia nani, nikachukua ile kimya yako, nikakukataza hata jina yake. Unisamehe. Yalikuwa machache, nikayarudia kama mtoto anayetumwa dukani.

Nilimkuta anakanda jibini. Akafuta mikono, akanivutia kiti. Nilipofungua kinywa, akanitangulia.

"Nilikuwa nawaza umetusahau," akasema. "Miaka mbili hautokee hapa. Nikasema, Papa Evode ameshamutupa mutoto. Kumbe wewe njo ulibakisha nafasi yake mu wimbo. Siku ile ku studio, wakati ulikataza jina, ilinichoma. Kisha nikaelewa. Hata papa yake hatajaka jina yake, hata siku moja. Ulitaka akuwe pale bila kutajwa, sawa hapa kwetu."

Akanitazama, akingoja.

"Si njo vile?"

Maneno yangu yote niliyoyabeba njia nzima yalikuwepo, hakuna hata moja lililopotea.

"Njo vile," nikasema.

Akaanza kulia, taratibu, na kunishukuru.