Neno la Mhasi

Mtaa mzima ulimwita Koleo, na yeye aliitika bila kinyongo, maana jina lilimletea kazi. Alikuwa mhasi wa ng'ombe. Chombo chake kilikuwa koleo kubwa la chuma lenye mikono mirefu, na wanaume waliokaa barazani walipomwona akipita nalo begani walibana mapaja, wakacheka, lakini mapaja hawakuyaachia mpaka apotee.

Koleo la namna hiyo halikati ngozi. Hubana mshipa kwa ndani, upande mmoja kisha wa pili, na kazi imekwisha. Hakuna damu wala kidonda, na mfuko hubaki ukining'inia palepale, mpaka vilivyomo vinywee vyenyewe taratibu. Kwa hiyo anayenunua dume aliyehasiwa juzijuzi hana cha kukagua. Anachonunua ni neno la mhasi. Akisema tayari, watu huenda zao wakijua ni tayari.

Na mtu huyuhuyu ndama wake mwenyewe hakuwahasi. Mganga hajigangi, walisema wazee, na mkewe alikuwa amechoka kuusema msemo huo kila msimu wa kuuza.

"Wahasi kabla hujawauza," alimwambia. "Mtu akinunua ng'ombe wa kazi, akute ng'ombe wa kazi, si bwana harusi."

"Dume hujaza shingo. Mnunuzi akishaiona shingo, maneno yanapungua. Akitaka kumhasi ataniita, nitakwenda."

"Yaani umuuzie ugonjwa, halafu umuuzie na dawa."

"Ndiyo biashara."

"Ndiyo wizi wa kistaarabu," akasema mkewe, akaingia ndani.

Huo ulikuwa ugomvi wao wa kawaida, na ungebaki wa kawaida kama mnunuzi aliyefuata angekuwa mtu baki. Aliyekuja alikuwa mama mkwe. Maksai wake mzee alikuwa amekufa, mkokoteni umelala uani, na alitaka mwingine wa kumfundisha mapema. Koleo alitaka kumpa tu, kama mkwe mwenye adabu, lakini mama akakataa kata kata.

"Ng'ombe wa bure hata fimbo utaona vibaya kumchapa," alisema. Akachagua dume mwekundu mwenye doa jeupe begani, akampapasa mgongo, akageuza uso akatazama paa la jirani. "Na huyu, baba, ameshafanyiwa ile shughuli?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mbele ya wanaume Koleo aliweza kuieleza kazi yake kwa sauti ya kusikika barabara ya pili, na vichekesho juu. Mbele ya mama mkwe, ulimi uligeuka jiwe. Tena alimjua mama huyo. Akisema bado, mama atasema basi mfanyie sasa hivi, kamba nitashika mimi, kwa maana alikuwa mwanamke wa kushika kamba. Koleo akajiona amechutama nyuma ya dume, mkono wake umejaa vitu visivyotajwa, na mama mzaa mkewe amesimama upande wa kichwa akimwangalia. Heri ardhi ipasuke immeze.

"Tayari, mama," akasema.

Neno moja tu. Mama akashukuru, akamfunga dume kamba, akaondoka naye.

Nia ya Koleo haikuwa mbaya, tusimwonee. Aliazimia kwenda kwa mama siku asipokuwepo, amalize kazi kimyakimya, uongo ugeuke kuwa kweli bila mtu kujua. Lakini mama hakuwa mtu wa matembezi. Kila Koleo alipofika, koleo amelifunga ndani ya gunia, alimkuta yupo, na chai ikatengwa, na akaketishwa kwenye kiti kizuri chenye foronya, na mama akawaita majirani waje wamwone mkwe anayejali. Alikunywa chai, akarudi na gunia lake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo lililoumia halikuwa lake.

Mama alikuwa na mtamba mmoja. Mama wa mtamba huyo alikufa siku ya kumzaa, na mama mkwe ndiye aliyemlea kwa chupa, akimlaza jikoni karibu na majivu ya moto, akimwita binti yangu bila kutania. Daktari wa mifugo alikuja kutoa dawa ya minyoo, akampapasa tumbo, akavaa glavu, akampima vizuri, kisha akatikisa kichwa. Mtamba alikuwa na mimba. Na alikuwa bado mtoto, nyonga hazijafunguka. Siku ya kuzaa, alisema daktari, tuombe Mungu.

Mama alilia kama aliyeharibiwa binti kweli. Alipomaliza kulia alitafuta mkosaji, naye hakuwa mbali. Nyuma ya ua wake aliishi mjane wa kiume, mzee mmoja mpole ambaye watu walimwita Samahani kwa kuwa ndilo neno alilotangulizia kila jambo, hata kumwambia mtu nyumba yake inaungua. Samahani alikuwa na fahali. Ng'ombe wote wa pande zile walipelekwa kwake, na watu walimlipa kwa majani, kwa maziwa, kwa mkono wa kumsaidia palizi. Msimu wa mvua fahali huyo aliwahi kuvunja ua akaonekana uani kwa mama, akila maganda.

"Kwangu mimi kuna maksai tu," mama aliwaambia waliokusanyika. "Na amehasiwa na mkwe wangu kwa mikono yake. Nani mwingine basi?"

Hapakuwa na mwingine. Hata Samahani mwenyewe alikubali.

Koleo aliyasikia hayo kwa mkewe, aliyekuwa akichambua mboga huku akisimulia. Kisu kikasimama.

"Yule wa mama ulimhasi lini? Mbona mimi sikukuona?"

"Ulikuwa sokoni."

Mkewe alimtazama, kisha akaendelea kuchambua. Koleo alikula, akanawa mikono. Alijiambia kesho nitasema. Kesho ikafika na ujumbe badala yake: mkwe aje na koleo kwa mzee Samahani, wamekubaliana fahali ahasiwe, asiharibu tena ng'ombe wa watu.

Alikwenda. Njia nzima alipanga maneno, na alipofika maneno yakatawanyika. Mama alikuwa amesimama kando ya ua, kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi. Samahani alikuwa ameshamfunga fahali kwenye nguzo mbili, na alikuwa akimkuna katikati ya pembe.

"Samahani kwa kukusumbua, mwanangu," akasema. "Kama ni yeye, ni yeye. Siwezi kuishi na machozi ya jirani."

"Labda," Koleo akasema, "tungengoja ndama azaliwe. Tuone rangi."

"Tungoje mtamba wangu afe ndipo tuone rangi?" Mama alimjibu kwa upole, kwa kuwa alikuwa akimpenda. "Baba, najua una huruma. Lakini hapa watu wanakutegemea wewe."

Pale palikuwa na nafasi. Pumzi moja tu, na mtu angeweza kusema. Koleo aliitazama ile nafasi ikipita, akachutama.

Mikono ilijua kazi hata bila mwenyewe. Ikapapasa, ikautafuta mshipa wa kushoto, ikausogeza pembeni, ikaweka koleo, ikabana. Kuna mlio mdogo hutoka, mkavu, ambao mhasi huusikia zaidi vidoleni kuliko masikioni. Fahali alitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, magoti ya mbele yakakunjika. Samahani akaweka paji la uso wake juu ya paji la uso wa mnyama. "Pole, baba," alikuwa akisema. "Pole, pole. Ni kidogo tu." Koleo alishikilia muda unaotakiwa, kwa maana hata katika dhambi alikuwa fundi. Akaachia.

Akahamia kulia. Akapapasa, akaupata mshipa, akausogeza. Akaliweka koleo, kisha akaliondoa.

"Si yeye," akasema.

"Samahani?" mzee akauliza.

"Si yeye, mzee. Ni yule wa mama. Sikumhasi."

Alikuwa amelenga kusema kwa sauti ya chini, lakini uani kulikuwa kimya na mama hakuwa kiziwi. Alisogea karibu. Uso wake haukuwa na hasira bado. Ulikuwa wa mtu anayehesabu upya jambo alilokwisha kulihesabu.

"Uliniambia tayari."

"Niliona haya, mama."

"Haya."

"Kulitaja mbele yako. Nikasema nitakuja nimalize. Nilikuja, ukanipa chai."

Mama aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alivuta kitambaa cha kichwa akafunika mdomo, na Koleo akajua kuwa alichokuwa akikitafuta ni neno la kumwambia jirani ambaye yeye alimsingizia mbele ya watu, na kwamba ndani ya lugha yote hakulipata. Mtamba wake alikuwa nyuma ya ua ule na tumbo lake, na hakuna mtu wa kulaumiwa ila yule aliyekuwa akimketisha kwenye kiti chenye foronya. Ingekuwa nafuu angemzaba kofi.

Samahani alikuwa bado ameshika kamba.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Ulijua kabla hujabana?"

Koleo alitamani swali hilo liulizwe na mtu mwingine yeyote. "Kabla sijabana," akasema.

Mzee akageukia nguzo. Akafungua fundo la nguzo ya kwanza, kisha la pili, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Fahali alipiga hatua mbili, miguu ya nyuma ameitanua, akasimama. Koleo akajikuta anaongea upesi upesi, maneno yaliyochelewa yote yakitaka kutoka kwa mlango mmoja.

"Mzee, bado atazalisha. Nakuapia. Upande mmoja unatosha kabisa, nimebana wa kushoto tu, wa kulia haujaguswa. Uvimbe ukiisha, waambie watu walete ng'ombe wao kama kawaida. Hakuna kilichoharibika."

Samahani aliinama akatazama. Mfuko ulining'inia kama ulivyokuwa asubuhi, pande zote mbili sawasawa, bila tone la damu, bila alama. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama mhasi usoni.

"Hayo," akauliza, "nani anayasema?"

 Aliyekuwa akiyasema ni Koleo, yule yule aliyesema tayari.