Rangi ya Kucha kwenye Breka

"Fundi, breka yako imekataa kuzima," mkunga aliniambia kwenye simu, na siku hiyo hakuwa na utani.

Nilifika zahanati yake nikihema. Kebo ya betri ya sola ilikuwa imechemka, mkunga akaishusha breka, ile swichi ya kukatia umeme, kama nilivyomwelekeza. Badala ya kukata, ikawaka ndani kwa ndani. Alipochomoa plagi ya betri, moto ulimlamba vidole. Chumba cha pili walikuwa wamelala watoto wachanga watatu.

Nilifungua boksi. Breka iliyoungua ilikuwa ya umeme wa gridi, ina alama ya wimbi ubavuni. Umeme wa gridi hupumua, huzima na kurudi mara nyingi kwa sekunde. Ukiukata, cheche inakufa. Wa betri haupumui, unataka breka yake maalumu. Hilo nimemwimbia mdogo wangu, msaidizi wangu wa kazi, miaka minne, mpaka akaniita Mwalimu Kelele. Na breka ya betri niliichagua mwenyewe, ampea mia na ishirini na tano, nikamkabidhi mkononi akaifunge siku niliyoanguka na homa.

"Niliona rangi yako," mkunga alisema, "nikaamini."

Kweli, kwenye skrubu kulikuwa na mstari wa zambarau. Ndiyo kawaida yetu: kazi niliyoikagua naipaka rangi yangu ya kucha. Lakini hii sikuikagua, nilikuwa kitandani! Nikakumbuka mdogo wangu alivyokuja kuiazima ile chupa, eti wifi anaitaka. Nikacheka, nikampa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikudhani changu kingekuwa damu yangu mwenyewe. Iliniuma kuliko homa yenyewe.

Nilikwenda kwake moja kwa moja. Alivyoniona tu na breka iliyoungua mkononi akaanza, "Dada, zile breka zinafanana, nilichanganya."

Nilimpita mlangoni hadi sebuleni. Chini ya inveta yake mpya, breka yangu ilikuwa imetulia ukutani, na maandishi yangu ya kalamu juu yake: *zahanati*. Hata kuyafuta hakujisumbua.

"Kumbe hukuchanganya."

Akasema taratibu, "Nina watoto humu ndani, dada. Ile ya wimbi niliiogopa."

"Na wale wa mkunga?"

Somo langu la breka alikuwa amelielewa vizuri sana. Nilinyoosha mkono.

"Nipe rangi yangu."